Akina Sassoon: familia moja ilitokaje Baghdad ikashika biashara ya Bombay hadi Shanghai?

MsomiWaPune

Wadau wa historia, salaam. Naomba msaada wenu.

Nasoma Pune, India. Karibu na stesheni ya treni kuna hospitali kubwa ya serikali inaitwa Sassoon. Ukienda mtaa wa Camp kuna sinagogi la matofali mekundu lenye mnara mrefu, wenyeji wanaliita Lal Deval, na ukiuliza unaambiwa aliyelijenga ni Sassoon huyohuyo na kaburi lake liko uani. Juzi tumeshuka Mumbai na wenzangu. Kala Ghoda tukakuta maktaba ya David Sassoon. Tukaenda Colaba asubuhi kuona soko la samaki, nako kunaitwa Sassoon Dock.

Nimeuliza wanafunzi wenzangu wa hapahapa. Mmoja kasema alikuwa Mwingereza, mwingine kasema Mparsi (wale Wahindi wenye asili ya Uajemi, wafuasi wa Zoroasta), wa tatu kasema Mwarabu. Naomba anayejua anieleze: hawa watu walikuwa nani, hela yao ilitoka wapi, na kwa nini leo sioni kampuni kubwa yenye jina hilo, wakati Tata wapo na Jardine wa Hong Kong wapo?

KijanaWaGati

Ni Wayahudi wa Iraki, mkuu. Watu waliwaita Rothschild wa Mashariki, kwa kuwafananisha na ule ukoo tajiri wa mabenki wa Ulaya. Walitajirika kwa pamba na viwanda vya nguo pale Bombay (ndiyo Mumbai ya leo), kisha wakahamia Uingereza. Hakuna kubwa zaidi ya hapo.

MamaMahesabu_Tanga

Mdogo wangu MsomiWaPune, umenigusa. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya mahesabu vya maduka ya kifamilia hapa Tanga, na katika koo zote za wafanyabiashara nilizowahi kusoma habari zake, hakuna niliyoifuatilia kama hii. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

KijanaWaGati, Wayahudi wa Iraki ndiyo. Pamba na viwanda pia ndiyo, ila hivyo vilikuja baadaye. Kilichowainua hasa ni afyuni. Nitalirudia hilo, kwa sababu ukiliruka unakuwa hujaieleza kampuni hii.

David Sassoon alizaliwa Baghdad mwaka 1792. Baba yake, Sheikh Sassoon ben Saleh, alikuwa mweka hazina wa magavana wa Kituruki waliotawala mji ule, na papo hapo kiongozi wa jumuiya ya Wayahudi. Kwa hiyo David alikulia ndani ya nyumba ya fedha. Alijua riba, alijua thamani ya sarafu za nchi za jirani, alijua nani anamdai nani. Gavana Dawud Pasha alipoanza kuwakamua matajiri wa Kiyahudi, ikawa ni kulipa au kufungwa. David akatoroka kupitia Basra, akavuka hadi Bushehr kwenye pwani ya Uajemi. Mzee wake alimfuata, akafia hukohuko Bushehr mwaka 1830. Baada ya hapo David akahamia Bombay na familia yake, na mwaka 1832 ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa kampuni ya David Sassoon. Alikuwa mtu wa miaka 40, ana watoto, na anaanza upya ugenini.

Alifika wakati mzuri mno. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilivunja ukiritimba wa Kampuni ya India Mashariki katika biashara ya China, na mlango ukafunguka kwa wafanyabiashara binafsi. Mwanzoni David alifanya alichokijua: nguo za Lancashire, Uingereza, zinakwenda Ghuba na Uajemi, na vyombo vinarudi na bidhaa za huko. Mji ulikuwa umejaa Waparsi wenye meli zao wenyewe na Waingereza wenye jamaa serikalini. Yeye hakuwa na meli wala jamaa wa aina hiyo. Alichokuja kuwa nacho ni watoto wa kiume wanane.

Hapo ndipo penyewe, na ndipo ninapopapenda. Mzee yule aliwagawa wanawe bandarini. Elias, aliyezaliwa 1820, alipelekwa Canton, bandari ya kusini mwa China, mwaka 1844. Vita vya kwanza vya afyuni vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, China imelazimishwa kufungua bandari tano na kuiachia Uingereza Hong Kong. Kijana Myahudi wa Baghdad, peke yake kati ya nyumba kubwa za Waskoti. Akatoka Canton akaenda Hong Kong, kisha Shanghai, akafungua ofisi na maghala. Wadogo zake wakawa wanapelekwa China kwa zamu, wanafanya kazi chini ya kaka yao, wanarudishwa Bombay, halafu anakwenda mwingine. Mwaka 1858 mmoja akapelekwa London. Kila mahali ambapo mzigo ulinunuliwa, ulipakiwa au ulipokewa, palikuwa na mtoto wa nyumba hii au mtu aliyelelewa nayo.

Na waliandikiana mfululizo. Barua zao ziliandikwa kwa Kiarabu cha Wayahudi wa Baghdad, kwa herufi za Kiebrania. Bei ya leo, meli iliyofika, nani ameanza kuyumba, nani asikopeshwe tena. Karani wa kampuni pinzani akiikuta barua hiyo mezani hawezi kusoma hata mstari mmoja. Mimi ninayeishi na madaftari naona hiyo ilikuwa mali kuliko meli: habari za kweli, zimeandikwa na mtu ambaye hana sababu ya kukudanganya kwa kuwa hasara yako ni hasara yake.

Wafanyakazi nao waliwatoa kwao. Vijana wa Kiyahudi kutoka Baghdad, Basra na miji mingine ya huko waliletwa Bombay, wakasomeshwa Kiingereza na mahesabu katika shule ya kampuni, wakapewa kazi, wakawa na sinagogi la kusali, na wakifa wana mahali pa kuzikwa. Sinagogi la Byculla hapo Bombay na lile la Pune ulilolitaja yametokana na mpango huo. David mwenyewe alipata uraia wa Uingereza mwaka 1853, lakini hakuwahi kuacha kilemba wala mavazi ya Kibaghdad. Alifariki Pune Novemba 1864 na kweli amezikwa pale Lal Deval. Hospitali ilifunguliwa 1867, maktaba ya Kala Ghoda ilikamilika 1870. Vyote viwili yeye hakuviona.

Jabali_Lushoto

Shangazi, umesema afyuni halafu ukapita. Mimi nimekwama hapo. Yaani hospitali hiyo na maktaba hiyo ni hela ya madawa ya kulevya? Au ndio ilikuwa biashara ya kawaida ya zama zile na sisi tunawahukumu kwa macho ya leo?

MamaMahesabu_Tanga

Mwanangu Jabali, sijapita, nilikuwa naandaa. Tuiangalie ilivyofanya kazi.

Afyuni ya India ilikuwa ya njia mbili. Ile ya Bengal ilikuwa chini ya serikali ya Waingereza moja kwa moja: wakulima wanauzia serikali, inachakatwa Patna na Ghazipur, inanadiwa Calcutta. Ya pili ilitoka Malwa, katika nchi za watawala wa Kihindi, ikashuka hadi Bombay na kulipiwa ushuru ili ipite. Akina Sassoon walijikita Malwa. Nyumba kama Jardine Matheson zilisubiri mzigo ufike pwani, zikanunua au kuuza kwa kamisheni kwa niaba ya wafanyabiashara wa Kihindi. Akina Sassoon walipeleka fedha bara kabla ya mavuno. Waliwakopesha wanunuzi wa kule ndani, kwa hiyo mzigo ukivunwa tayari ni wao, kwa bei waliyokubaliana. Kule China Elias na wadogo zake walikuwa na maghala, wangeweza kuushikilia mzigo hadi bei ipande. Faida ya mkulima hadi mnunuzi wa mwisho Shanghai ikabaki ndani ya nyumba moja. Jardine walishindwa kupambana na bei hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1870 wakajitoa katika afyuni. Akina Sassoon wakabaki vinara.

Sasa swali lako la macho ya leo. Halikuwa jambo ambalo watu wa wakati ule hawakulijua. China ilipigana kulizuia na ikashindwa vita mbili. Ni mwaka 1858 tu ndipo ilipolazimika kuihalalisha afyuni. Uingereza kwenyewe kulikuwa na watu wa dini na wabunge waliopiga kelele miaka nenda rudi hadi ikaundwa tume ya kifalme iliyofanya kazi kati ya 1893 na 1895. Tume ikaelekea upande wa wafanyabiashara na serikali ya India, iliyokuwa ikipata mapato makubwa humo. Mwaka 1907 hatimaye Uingereza ikakubaliana na China kupunguza mzigo wa India kidogo kidogo kwa miaka kumi. Kampuni zilizokuwa na akiba ya makasha zilipinga na kuvuta muda, na akina Sassoon walikuwa humo. Makasha hayo yalikuwa ya kilo 60 na ushee kila moja. Zihesabu kwa mapafu ya watu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, hospitali ina hela ya afyuni ndani yake, na wagonjwa wa Pune wametibiwa humo kwa zaidi ya karne moja na nusu. Yote mawili yaandikwe kwenye ukurasa mmoja. Mimi nakataa vitabu vya mahesabu vyenye upande wa mapato tu.

Mpemba_Muscat

Assalaam alaykum wote. Dada yangu, umenikumbusha habari za kwetu. Unguja ya enzi za masultani nayo ilikuwa na nyumba yake ya namna hiyo: Jairam Shivji, Wahindi wa jamii ya Wabhatia kutoka Kutch, ambao kwa miongo mingi walikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Sultani. Wao nao biashara yote mkononi mwa jamaa, fedha inazunguka kati ya Unguja, Kutch na Bombay.

Halafu kuna suala la nguo. Ile merikani iliyokuwa ikichukuliwa na misafara hadi Tabora na Ujiji, mwanzoni ilitoka Marekani, kwa meli za Salem. Je, hii Bombay ya akina Sassoon ndiyo iliyokuja kuishika biashara ile?

MamaMahesabu_Tanga

Wa alaykum salaam, kaka yangu. Bombay ndiyo, na hapo pamba ya KijanaWaGati inaingia kwa haki yake.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani vilipoanza 1861, pamba ya kusini ikazibwa. Viwanda vya Lancashire vikakaa bila kazi, bei ikaruka, na dunia nzima ikageukia pamba ya India. Bombay iliogelea katika fedha kwa miaka minne. Kule Unguja meli za Kimarekani zikapungua, na nguo za Uingereza na India zikaziba pengo. Vita vilipokwisha 1865 bei ikaanguka, na nyumba nyingi za Bombay zilizokuwa zimekimbilia kununua hisa za kampuni za kufukia bahari ili kupata ardhi na za mabenki mapya zikafilisika. Akina Sassoon walikuwa wamejizuia, wakasimama. Miaka iliyofuata viwanda vya kufuma vikaongezeka Bombay, na kufikia mwishoni mwa karne ile merikani iliyouzwa Unguja, ingawa imebaki na jina lake, nyingi ilikuwa imefumwa India.

Mkubwa wao, Abdallah, mzaliwa wa 1818, ndiye aliyeshika kiti cha baba. Yeye ndiye aliyejenga hiyo Sassoon Dock ya Colaba mwaka 1875, gati la kwanza la aina yake upande ule wa India, kwa ajili ya pamba. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869 na Bombay ikawa mlango wa Ulaya. Leo wanauza samaki hapo, na kwa kweli afadhali linatumika.

Abdallah huyo akajiita Albert. Akapewa cheo cha Sir, akahamia London, akawa rafiki wa mwana wa Malkia Victoria, akamkaribisha Shah wa Uajemi alipozuru Uingereza mwaka 1889. Ndugu zake Reuben na Arthur nao wakahamia huko, wakaingia katika mbio za farasi na karamu. Mjukuu wa nyumba hii akaoa binti wa Rothschild wa Paris. Ninaposoma sehemu hii huwa naumia, kwa sababu naiona katika maduka ninayoyatunzia vitabu: babu alifungua mlango alfajiri, mjukuu anauliza kwa simu kuna nini kwenye akaunti.

MsomiWaPune

Asante sana shangazi, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Lakini naona wawili bado: Elias wa China ilikuwaje kwake? Yeye ndiye aliyefanya kazi ngumu. Na wanawake wa familia hii hawakuwa na nafasi?

MamaMahesabu_Tanga

Umeuliza mawili yanayoshikana.

Elias na Albert walikuwa wa tumbo moja, wana wa Hannah, mke wa kwanza wa David. Wadogo wengine ni wa mke wa pili. Elias alikula jasho China kwa miaka mingi, na baba alipofariki kiti kikaenda kwa kaka yake, kama desturi ilivyotaka. Mwaka 1867 Elias akajitenga na kufungua kampuni yake, E.D. Sassoon. Pale Shanghai Wachina wakawa wanazitofautisha kwa kusema Sassoon ya zamani na Sassoon mpya. Zikauza afyuni ileile kwenye soko lilelile, zikishindana. Elias alifariki Colombo mwaka 1880, lakini mwanawe Jacob akaendeleza, akageukia viwanda vya nguo Bombay kwa nguvu zote, na nyumba ya mdogo ikaja kuipita ya mkubwa. Sinagogi la Keneseth Eliyahoo lililoko Fort, la mwaka 1884, ndilo Jacob alilojenga kumkumbuka baba yake. Ukishuka tena Mumbai, ni hatua chache kutoka hapo Kala Ghoda.

Wanawake sasa. Ndugu wote walipokimbilia London, aliyebaki Bombay kuendesha nyumba ya zamani ni Solomon. Akafariki 1894. Mjane wake Farha, ambaye Waingereza walimwita Flora, akaingia ofisini akakaa kwenye kiti chake. Alizaliwa ndani ya ukoo huohuo, alisoma dini kama wanaume walivyosoma, alijua lugha nyingi, na alikuwa mama wa watoto watatu. Kuanzia 1894 hadi 1901 ndiye aliyekuwa mkubwa wa Bombay, anasoma barua, anajibu bei, anaamua nani akopeshwe. Nitajieni mwanamke mwingine wa wakati ule aliyeongoza nyumba ya biashara inayofika Shanghai na London.

Tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896 watu waliogopa chanjo mpya ya mwanasayansi Waldemar Haffkine. Flora akachanjwa yeye mwenyewe, wazi, ili wengine wamwone. Nikimfikiria mtu mmoja wa ukoo huu ambaye ningetaka kukaa naye jamvini, ni huyu.

Wanaume wa ukoo waliokuwa London hawakupendezwa. Mwaka 1901 nyumba ya zamani ikageuzwa kuwa kampuni ya hisa, uamuzi ukahamia London, na Flora akaondoka Bombay mwaka huohuo. Waliomwondoa hawakuwa na mtu wa kuweka mahali pake. Mwenyekiti aliyekuja kufuata baadaye, Philip, alikuwa mbunge na mpenda sanaa, hakuoa, akafariki 1939 bila mtoto. Biashara ilimchosha na hakuficha.

KijanaWaGati

Nimeelewa sasa kwamba afyuni ndiyo ilitangulia. Lakini bado kuna swali la mwisho la kijana: mbona Jardine wapo na hawa hawapo? Wote si walinyang'anywa mali na Wakomunisti?

MamaMahesabu_Tanga

Walinyang'anywa wote, mwanangu, lakini hawakuwa wamekaa mahali pamoja.

Nyumba mpya iliangukia kwa Victor, mjukuu wa Elias, mzaliwa wa 1881, mwenye mguu ulioumia kwa ajali ya ndege wakati wa Vita vya Kwanza. Aliiona India ya miaka ya 1920 yenye migomo ya viwandani, kodi, na harakati za uhuru, akaamua kuhamishia mtaji Shanghai. Akanunua viwanja na kujenga majumba. Mwaka 1929 akafungua Hoteli ya Cathay kwenye ukingo wa mto, ile yenye paa la kijani lililochongoka. Leo inaitwa Peace Hotel na bado ipo. Wayahudi waliokimbia Hitler walipofika Shanghai mwishoni mwa miaka ya 1930 hawana kitu, Victor aliwafungulia jengo lake la Embankment wakapata pa kulala. Hilo namwandikia upande wake.

Lakini jengo haliwezi kupakiwa melini. Babu zake walikuwa na fedha katika makasha, marobota na hati za mkopo, vitu vinavyohamishika ndani ya wiki. Yeye alizigeuza kuwa mawe. Wajapani wakaingia Desemba 1941, Wakomunisti 1949, na karibu vyote vikabaki kule. Victor akaishia visiwa vya Bahamas, akafariki Nassau mwaka 1961. Hakuwa na mtoto, na cheo cha familia kikaisha naye.

Jardine walipoteza mengi bara, lakini makao yao ya Hong Kong yalibaki chini ya Waingereza, na ukoo wa Keswick unaoiongoza kampuni hiyo uliendelea kutoa vijana wa kwenda kukaa hukohuko Mashariki na kufanya kazi. Swire, nyumba nyingine ya Waingereza ya Hong Kong, vilevile.

Na kuna mwingine wa kumtazama. Mwaka 1880 E.D. Sassoon iliajiri kijana wa Baghdad aliyeitwa Elly Kadoorie, karani mdogo tu. Akatoka, akaanza cha kwake. Familia yake nayo ilipoteza mali Shanghai, ila ilikuwa tayari na mguu Hong Kong. Kampuni ya umeme ya Kowloon ya China Light and Power na Hoteli ya Peninsula ni zao mpaka leo. MsomiWaPune, ukitaka kuiona kampuni ya kifamilia ya Wayahudi wa Baghdad ikiwa hai, na wajukuu wakiwa bado ofisini, waangalie hao.